Lubumbashi–Kinshasa: kwa nini tiketi inasema kwenda ni saa moja na kurudi ni saa tatu?

Anayenunua tiketi ya ndege Lubumbashi kwa mara ya kwanza hukutana na fumbo hili. Karatasi ya kwenda imeandikwa: kuondoka Luano (uwanja wa ndege wa Lubumbashi) 14h00, kufika N'djili (uwanja wa Kinshasa) 15h20. Ya kurudi: kuondoka N'djili 10h00, kufika Luano 13h20. (Saa hizi ni za mfano, maana ratiba hubadilika, lakini sura yake ndiyo hiyo kila mwaka.) Akitoa moja kwa nyingine, anapata saa 1 na dakika 20 za kwenda, na saa 3 na dakika 20 za kurudi. Njia ni ileile, pengine hata ndege ni ileile.

Anauliza ajansi, yaani ofisi ya tiketi, anajibiwa kwamba ndivyo ilivyo. Nyumbani anapewa maelezo ya kila aina. Papa mmoja anasema ndege ya kwenda Kin, yaani Kinshasa, inapata upepo mgongoni. Yaya mwingine anasema dunia inazunguka, basi Kinshasa yenyewe inakuja kuilaki ndege. Kijana wa nyumba anafungua simu ili kukata ubishi, na ubishi unazidi: ukurasa mmoja unasema umbali ni 1,566, mwingine 963, mwingine 837, mwingine zaidi ya 2,000. Muda nao ni saa 1 na dakika 45 hapa, saa 2 na dakika 20 pale.

Namba hizo karibu zote ni sahihi, kwa sababu kila moja inajibu swali lake. Tatizo ni kwamba tunazisoma kama majibu ya swali moja.

Tuanze na maana. Umbali wa hewani ni urefu wa mstari mfupi kuliko yote unaoweza kupita juu ya uso wa dunia kati ya sehemu mbili, bila kujali mto, msitu wala mpaka. Umbali wa barabara ni kilomita ambazo gurudumu linazipita kweli. Muda wa angani huanza magurudumu ya ndege yanapoacha ardhi na kuisha yanapoigusa tena. Muda wa safari, ule ambao mashirika hupangia ratiba, ni mrefu zaidi kidogo: unaanza ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa na kuisha inapoegeshwa tena. Halafu kuna saa ya mahali, yaani ile inayosomeka ukutani katika mji husika. Saa mbili zilizoandikwa kwenye tiketi ni saa za mahali: ya kwanza ni ya mji unaotoka, ya pili ni ya mji unaofika. Ukizitoa moja kwa moja, unatoa saa ya ukuta mmoja kwenye saa ya ukuta mwingine.

Nchi moja, kuta mbili

Kongo ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 2,345,000, na inatumia kanda mbili za saa. Upande wa magharibi uko saa 1 mbele ya saa ya kimataifa ya rejea (UTC). Upande wa mashariki uko saa 2 mbele. Kinshasa, Matadi, Boma, Bandundu, Kikwit, Mbandaka na Gemena wako pamoja kwenye saa ya magharibi. Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Kalemie, Kananga, Tshikapa, Mbuji-Mayi, Kindu, Kisangani, Bunia, Goma na Bukavu wako pamoja kwenye saa ya mashariki. Anayesafiri kwa gari kutoka Kikwit kwenda Tshikapa anavuka mstari huo njiani, na hakuna bango la kumwambia kwamba saa imebadilika.

Kwa hiyo Kinshasa ikiwa 10h00, Lubumbashi ni 11h00. Sasa turudi kwenye tiketi. Ndege inaondoka N'djili 10h00 ya Kinshasa, ambayo ni 11h00 ya Lubumbashi. Inafika Luano 13h20 ya Lubumbashi. Kutoka 11h00 hadi 13h20 ni saa 2 na dakika 20. Upande wa pili, inaondoka Luano 14h00 ya Lubumbashi, ambayo ni 13h00 ya Kinshasa, na kufika N'djili 15h20 ya Kinshasa. Kutoka 13h00 hadi 15h20 ni saa 2 na dakika 20. Hakuna aliyekimbia kuliko mwenzake.

Njia ya kutokosea ni kuzigeuza saa zote mbili ziwe za mji mmoja kabla ya kutoa. Anayetaka njia ya mkato akumbuke hivi: ukienda Kinshasa, chukua ulichopata kwenye tiketi uongeze saa moja, ukirudi Lubumbashi, chukua ulichopata upunguze saa moja. Kwa Lubumbashi–Kananga au Lubumbashi–Mbuji-Mayi usiongeze wala kupunguza kitu, kwa sababu miji hiyo iko kwenye saa yetu.

Kwa nini nchi igawanywe hivi? Ni kwa ajili ya jua. Dunia inajizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa moja, au nyuzi moja kila dakika 4. Kinshasa iko karibu kabisa na nyuzi 15 mashariki, na Lubumbashi iko karibu na nyuzi 27 na nusu. Tofauti ni kama nyuzi 12. Zidisha kwa 4: jua linalotuangazia hapa linachukua dakika zipatazo 48 kabla ya kuwa mahali palepale juu ya Kinshasa. Saa za ukutani zinasema tofauti ni dakika 60, jua linasema 48. Saa moja kamili imechaguliwa kwa sababu ni rahisi kuitumia, na nadhani uamuzi huo ni mzuri. Katikati ya Novemba jua la Lubumbashi huchomoza karibu 5h30. Tungetumia saa ya Kinshasa, lingechomoza 4h30, na ofisi zingefunguliwa jua likiwa tayari kali.

Jambo hili linagusa mengi zaidi ya ndege. Anayepigia simu ofisi ya Kinshasa 8h00 ya Lubumbashi anakuta simu inalia bure, kwa sababu kule ni 7h00. Mwanafunzi anayejiandikisha kwa intaneti na kuambiwa mwisho ni 23h59 ya Kinshasa ana saa moja zaidi kuliko anavyofikiri. Mwenzake wa Kinshasa akiambiwa 23h59 ya Lubumbashi ana saa moja pungufu. Upande wa kusini, kinyume chake, hatuna shida: Lusaka na Johannesburg wanatumia saa yetu hasa. Mtu wa Lubumbashi anayevuka Kasumbalesa kuingia Zambia haguzi saa yake, lakini akienda kwenye mji mkuu wa nchi yake anairudisha nyuma.

Je, dunia inaizungukia ndege?

Hoja ya yaya ina mvuto, na inastahili kujibiwa kwa uzito. Ni kweli kwamba dunia inazunguka kuelekea mashariki, na kwa kasi kubwa: karibu na ikweta, uso wake unakwenda kilomita zipatazo 1,670 kwa saa. Ni mara mbili ya kasi ya ndege kubwa ya abiria. Basi inaonekana kwamba ndege inayokwenda magharibi ingetosha kupaa tu na kusubiri.

Fikiria uko ndani ya basi la kwenda Likasi, linakimbia vizuri, nawe unarusha chungwa juu na kulidaka. Chungwa halirukii kiti cha nyuma. Linarudi mkononi mwako, kwa sababu lilipotoka mkononi lilikuwa tayari linakwenda na basi, na hewa iliyolizunguka nayo inakwenda na basi. Ndege na hewa viko hivyohivyo. Hewa yote inayotuzunguka inazunguka pamoja na dunia, na ndege inaogelea ndani ya hewa hiyo. Isingekuwa hivyo, helikopta ingeelea juu ya mtaa wetu wa Kamalondo kwa saa moja na kushuka ikijikuta pwani ya Angola, na sisi tulio chini tungepigwa kila siku na upepo wa kilomita 1,600 kwa saa. Hakuna nyumba ambayo ingebaki imesimama.

Hoja ya papa kuhusu upepo ina ukweli zaidi, ila si katika njia hii. Juu sana, mahali ndege zinapopita, kuna pepo kali zinazovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Lakini pepo hizo zina nguvu mbali na ikweta. Kati ya London na New York zinaweza kuifanya safari ya kwenda Marekani iwe ndefu kuliko ya kurudi kwa saa nzima hivi. Kinshasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta na Lubumbashi nyuzi 11 na nusu. Huku kwetu upepo wa juu kwa kawaida ni wa wastani. Chukua upepo wa kilomita 40 kwa saa. Ndege inayokwenda kilomita 830 kwa saa ikiwa na upepo huo mgongoni inakwenda 870. Ukiipiga usoni inakwenda 790. Kwa kilomita 1,150 za kuruka kwa kasi kamili, tofauti kati ya kwenda na kurudi ni kama dakika 8. Ile tofauti ya saa mbili inayoonekana kwenye tiketi haiwezi kutoka huko.

Kilomita ngapi hasa?

Kutoka uwanja wa Luano hadi uwanja wa N'djili, umbali wa hewani ni kama kilomita 1,550. Ukurasa unaosema 1,566 haujakosea: umepima kutoka katikati ya mji hadi katikati ya mji, na N'djili iko mashariki ya Kinshasa, upande unaotukabili, hivyo inatupunguzia kidogo. Ile 963 ni umbali uleule kwa maili za Kimarekani, ambazo kila moja ni mita 1,609. Ile 837 ni maili za baharini, ambazo marubani huzitumia, kila moja mita 1,852. Kurasa nyingi za intaneti huandika herufi ndogo pembeni ya namba kuonyesha kipimo, na anayesoma haraka kwenye simu haioni.

Namba hii ya 1,550 mimi huipenda kuitazama pamoja na nyingine. Chora duara lenye Lubumbashi katikati na Kinshasa kwenye ukingo wake, kisha uangalie nani mwingine amekaa karibu na ukingo huo. Nairobi, kilomita kama 1,540. Luanda, kama 1,600. Johannesburg, kama 1,610. Dar es Salaam iko ndani kabisa ya duara, kama 1,380. Harare haifiki 800, na Lusaka ni kama 420 tu. Yaani kwa ndege inayopita moja kwa moja, mtu wa Lubumbashi yuko mbali na mji mkuu wake sawasawa na alivyo mbali na Nairobi, Luanda au Johannesburg, na yuko karibu zaidi na Bahari ya Hindi ya Tanzania. Ukiwauliza watu mitaani, wengi watakuambia Johannesburg ni mbali mno na Kinshasa ni hapa nyumbani. Mipaka inatufanya tuhisi umbali ambao ardhi haina, na bendera moja inatufanya tusahau umbali ambao ardhi inao. Kutoka Paris hadi Roma ni kilomita kama 1,100. Lubumbashi–Kinshasa inazidi hapo kwa mbali, nasi tunaiita safari ya ndani.

Ramani nazo zimechangia. Ile ramani ya dunia iliyobandikwa ukutani shuleni mara nyingi huzivuta nchi zilizo karibu na ncha za dunia na kuzifanya kubwa, huku nchi za ikweta zikionekana ndogo kuliko zilivyo. Kongo iliyo kwenye ikweta inapunjwa.

Barabara ni habari nyingine. Barabara ya taifa namba 1 inapita Kikwit, Tshikapa, Kananga, Mbuji-Mayi na Mwene-Ditu kabla ya kushuka huku kwetu, na kati ya Kinshasa na Lubumbashi inavuka kilomita 2,000. Sehemu zake ndefu hazina lami, na msimu wa mvua lori linaweza kukaa njiani wiki nyingi. Ukurasa wa intaneti unaogawanya kilomita hizo kwa kasi ya gari kwenye lami na kukupa saa za kuendesha, usiuamini. Treni nayo haifiki Kinshasa. Reli iliyoingia Lubumbashi mwaka 1910 ilitoka kusini. Ile ya kupanda kaskazini-magharibi ilifika Ilebo mwaka 1928, na inaishia hapo, kwenye mto Kasai. Kutoka Ilebo ni boti. Reli ya Kinshasa–Matadi ni reli nyingine kabisa, haijawahi kuungana na yetu. Ndiyo maana swali la saa za ndege lina uzito hapa kuliko katika nchi ambazo mtu akikosa ndege anapanda basi la usiku.

Kutoka kilomita hadi saa

Hapa ndipo hesabu za simu zinapopotosha zaidi. Mashine nyingi za intaneti huchukua kilomita, zikazigawa kwa 800 au 900, basi. Kwa 1,550 unapata kati ya saa 1 na dakika 43 na saa 1 na dakika 56. Nyingine huongeza nusu saa na kukaribia ukweli. Lakini ndege haianzi safari ikiwa na kasi ya 830, wala haisimami ghafla.

Ndege ya jeti ya kawaida katika njia hii, kama Airbus A320 au Boeing 737, hutumia kama dakika 20 hadi 25 kupanda hadi kimo chake, kilomita 10 au 11 juu, na muda kama huo kushuka. Katika kupanda na kushuka huko inapita kilomita kama 400, kwa kasi ndogo kuliko ile ya juu. Zinabaki kilomita kama 1,150 za kuruka kwa kasi kamili, ambazo kwa 830 kwa saa ni dakika 83. Jumlisha: 25, na 83, na 25 ni dakika 133, karibu saa 2 na robo. Ongeza dakika chache za kutembea kwenye lami ya uwanja na kusubiri zamu, ndipo unapata zile saa 2 na dakika 20, au zaidi kidogo, ambazo ratiba inaziweka. Ndege ya mapanga (propela) inayokwenda kilomita 500 kwa saa ingehitaji zaidi ya saa 3 kwa umbali huohuo. Basi anayeuliza muda aulize pia ni ndege ya aina gani.

Mstari mnyoofu wenyewe ni wa kwenye karatasi. Marubani hufuata njia za anga zilizopangwa, na katika msimu wa mvua huzunguka mawingu ya radi. Bonde la Kongo ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote, na vilele vya mawingu yake huweza kupita kilomita 15, juu kabisa ya kimo cha ndege ya abiria. Haiwezekani kuyaruka, lazima kuyapita pembeni. Dakika 10 au 15 zinazoongezeka mwezi wa Januari ni rubani anayefanya kazi yake vizuri, na abiria anayelalamika angefurahi akijua kilichokuwa mbele.

Kisha kuna eskale, yaani kutua njiani. Watu wanauziwa tiketi ya ndege ya moja kwa moja, wanashangaa inatua Mbuji-Mayi. Muuzaji hakudanganya. Katika lugha ya mashirika, ndege ya moja kwa moja ni ile yenye namba moja ya safari tangu mwanzo hadi mwisho, na inaruhusiwa kutua njiani. Ile isiyotua popote ndiyo isiyo na eskale. Neno la kuuliza ajansi, basi, ni eskale.

Tofauti yake si ndogo, na hesabu yake inafundisha. Kinshasa–Mbuji-Mayi ni kama kilomita 920. Mbuji-Mayi–Lubumbashi kama 745. Jumla 1,665. Ukilinganisha na 1,550, umeongeza kilomita 115 tu, ambazo juu angani ni dakika 8. Lakini sasa ndege inapanda mara mbili na kushuka mara mbili. Kipande cha kwanza kinachukua kama dakika 88, cha pili kama 75, na ukikaa chini dakika 45 wengine washuke na wengine wapande, umefika dakika 208. Dakika 133 zimekuwa karibu saa 3 na nusu, kwa umbali ambao haujaongezeka hata kwa sehemu moja ya kumi. Na mstari wa saa unavukwa kwenye kipande kimoja tu: ukitoka Kinshasa, unapotua Mbuji-Mayi umeshaingia saa ya Lubumbashi. Ukigeuza saa kwa vipande vyote viwili, utapata muda usiokuwepo.

Mfano wa Goma unaonyesha jambo hilo kwa uchungu zaidi. Goma–Kinshasa kwa mstari wa hewani ni kilomita kama 1,560, karibu sawa kabisa na sisi. Uwanja wa Goma ulipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, umbali huo haukubadilika hata kwa mita moja. Lakini mtu wa Goma aliyetaka kufika Kinshasa ilimbidi avuke mpaka, aende kwa barabara hadi Kigali au mbali zaidi, apande ndege ya kutoka nchi nyingine. Kilichokuwa asubuhi moja kikawa safari ya siku nzima au zaidi, na gharama yake ikapanda kiasi ambacho familia nyingi haziwezi. Ukurasa wa umbali bado unamwonyesha namba ileile.

Kabla ya ndege na baada yake

Luano iko karibu na mji wa Lubumbashi. N'djili iko zaidi ya kilomita 20 kutoka Gombe, mtaa wa ofisi wa Kinshasa, na bulevari ya Lumumba, siku ya msongamano, inaweza kukumeza muda mrefu kuliko ule uliotumia angani. Ukijumlisha kufika uwanjani mapema, kukagua mizigo, safari yenyewe, kusubiri sanduku na kuingia mjini, panga siku nzima. Anayepanga mkutano Gombe saa mbili baada ya kutua anajitakia jasho.

Kuunganisha ndege ndiko kunakoleta hasara kubwa, na hasara hiyo ina upande wake. Anayetoka Lubumbashi kwenda kupanda ndege ya usiku ya Ulaya pale N'djili hana hofu. Tiketi inasema anafika 15h20, ndege kubwa inaondoka 21h00. Simu yake ambayo haijapata mtandao bado inaonyesha 16h20, lakini muda halisi alionao ni saa 5 na dakika 40. Mkanganyiko unamfanya awahi.

Anayetoka Kinshasa kuja kuunganisha Lubumbashi yuko kwenye hatari. Tuseme amenunua tiketi mbili tofauti: ya kwanza inaondoka N'djili 10h00, ya pili inaondoka Luano kwenda Johannesburg 14h30. Anajua safari ni saa 2 na dakika 20, kwa hiyo anahesabu kichwani: nitafika 12h20, nitakuwa na zaidi ya saa mbili. Anafika 13h20 ya Lubumbashi. Imebaki saa 1 na dakika 10, na dirisha la kuandikisha abiria wa ndege za nje kwa kawaida hufungwa saa moja kabla ya kuondoka. Ana dakika 10 za kushuka, kupata sanduku lake, kwa kuwa tiketi mbili tofauti hazihamishi mzigo zenyewe, na kufika kwenye foleni. Hata ndege ya kwanza isipochelewa, hawezi. Wauzaji wa tiketi wangeokoa watu wengi kama wangeandika kwa kalamu maneno mawili tu pembeni ya kila saa, "ya Kinshasa" au "ya Lubumbashi", na muda wa safari chini yake. Asipoandikiwa, abiria aombe aandikiwe kabla ya kulipa, na akilazimika kuunganisha Luano kwa tiketi mbili, achukue ndege ya jana yake.